Picha ya Ubongo wa Kaka Masanja

Kaka yangu Masanja alisimama kwenye msiba wa mtalaka wake, akakohoa kidogo ili watu wamtazame, akasema kwamba ugonjwa ndio uliomtenganisha na marehemu. Tulikuwa mtaa wa Ndala, hapa Shinyanga, chini ya turubai la kukodi, na jua la mchana lilikuwa linatuchoma wote bila upendeleo. Alivaa suti ya kijivu. Amenenepa, ana afya, na mkono wake wa kulia ulishika kipaza sauti bila kutikisika. Akina mama waliokaa karibu nami wakaguna kwa huruma, na mmoja akasema, "Jamani, wanaume wengine wana utu. Ameacha shughuli zake akaja." Mama yetu, ambaye kwa Kisukuma tunamwita Mayu, alikaa kwenye mkeka safu ya mbele, kanga mabegani, akitikisa kichwa kila mwanawe alipovuta pumzi. Pembeni yake alikaa Neema, mtoto pekee wa marehemu na Masanja, mwanafunzi wa kidato cha tano, uso mkavu kabisa. Ugonjwa ndio uliowatenganisha! Ugonjwa una mdomo wa kumwambia mtu afungashe? Naelekea arobaini sasa, mvi zimeshaingia, na bado uongo ukisemwa kwa sauti ya upole unanipandisha presha. Walipoanza kufunika kaburi sikuwa pale tena. Kwa mawazo nilikuwa nimerudi nyumbani kwetu Kharumwa, kwenye mwaka ule ambao familia yangu iliniingia moyoni kama mchanga machoni, na mpaka leo haijatoka.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nasubiri ajira, na kusubiri ajira nyumbani maana yake ni kuwa mtumishi wa kila mtu. Ukimaliza kuteka maji unaitwa ukasome maandishi kwenye pakiti ya dawa ya ng'ombe. Masanja alikuwa mchenjuaji wa dhahabu kwenye mgodi mdogo usio mbali na kwetu. Kazi yake ilikuwa kuchanganya zebaki na mchanga uliosagwa, kwa mikono mitupu ndani ya beseni, kisha kuichoma mpaka ibaki dhahabu. Mkewe, wifi yangu Atupele, alikuwa mtu wa Tukuyu. Alikuwa na banda la nguruwe nyuma ya nyumba na kibanda cha kitimoto karibu na karasha, ile mashine ya kusagia mawe ambayo kelele zake zilifika mpaka jikoni kwetu. Wachimbaji walimpenda na walimlalamikia kwa pamoja, kwa sababu kitimoto chake kilichelewa. Alikuwa anachemsha nyama kwanza, kwa chumvi na tangawizi, muda mrefu, mpaka mfupa uanze kuachia, ndipo anaitia kwenye karai la mafuta. "Mama Neema, sisi tunakufa na njaa, wewe unachemsha tu!" walimpigia kelele. Naye, bila kugeuka, "Ukitaka mbichi banda lile pale, nenda kaongee na mwenyewe." Nilipenda kukaa naye mle kibandani. Alinikatia vipande vya pembeni, vilivyokauka vizuri, akaniwekea na ndizi ya kuchoma, akaniambia, "Kula, mwalimu, ajira ikija ikukute una nguvu."

Nyumbani kwa Mayu mambo yalikuwa na taratibu zake. Mwanamume wa kwanza kuzaliwa alikuwa na kibuyu chake cha maziwa ya mgando, na kibuyu hicho hakikuguswa na mtu isipokuwa mama yake. Siyo mke, siyo dada, siyo mtoto. Mayu alikitikisa mwenyewe, akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, akammiminia Masanja kwenye bakuli, na yakiwa mazito aliyasukuma kwa vidole mpaka yaishe. Atupele alipoolewa alijaribu mara moja tu kumwandalia mumewe maziwa. Mayu alimpokonya kibuyu akacheka, kicheko kile ambacho hakina furaha ndani yake, akasema, "Huyu nilimnyonyesha mimi. Wewe mpe hiyo nyama yako." Basi jioni zote zilikuwa hivyo: Masanja anatoka mgodini, anapita kwa mama yake kwanza, anakunywa maziwa, ndipo anakwenda kwa mkewe kula. Wakati mwingine anafika ameshashiba. Wifi alifunika chakula bila kusema neno, na mimi nilijifunza kwake kwamba kunyamaza nako ni kazi.

Mkono wa Masanja ulianza kutetemeka msimu wa kulima. Vidole vya kulia vilicheza vyenyewe, vikaacha, vikarudi. Ukanda wetu wote wa Geita mtu akitetemeka mkono hakuna anayeuliza mara mbili. Zebaki hiyo. Tumewaona wazee wa kuchoma dhahabu wakimwaga chai kabla kikombe hakijafika mdomoni. Kila aliyekuja kumjulia hali alikaa, akatazama vidole, akasema zebaki, na akaaga akiwa ameridhika na utabibu wake. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni baba mdogo Luhende, mdogo wa marehemu baba yetu, ambaye alikuwa msemaji wa ukoo na hakuna jambo lililompendeza kama kuwa na mtu wa kumlaumu. Alikwenda kwa bosi wa mgodi akamwambia mbele ya wafanyakazi kwamba amemharibu kijana wetu na itabidi amtunze mpaka kufa. Bosi akajibu kwamba kama ni zebaki ithibitishwe. Siku chache baadaye Masanja alianguka pale kwenye karasha. Mkono ulitetemeka, ukafuata uso, kisha mwili wote ukakakamaa, povu likatoka, akajikojolea. Watu walirudi nyuma, kwa sababu povu la mtu wa kifafa linaogopwa kwetu kuliko moto. Atupele alitoka kibandani mbio, akamlaza ubavu, akaweka kanga yake chini ya kichwa, akamfuta lile povu kwa mkono wake. Hakuna mwingine aliyemgusa. Hilo nililiona kwa macho yangu na ningependa liandikwe mahali.

Bosi alitoa gari, siyo kwa huruma. Alitaka kipimo kimtoe hatiani. Nilipelekwa mimi kwa kuwa nimesoma, na Atupele kwa kuwa ni mke, tukavuka kwa kivuko cha Busisi hadi hospitali moja kubwa Mwanza. Kipimo cha kwanza cha kichwa kilionyesha madoa tu. Nilisikia madaktari wakizungumza kwenye korido, mmoja anasema labda TB ya ubongo, mwingine anasema labda uvimbe, na tukiutibu vibaya tutamuua. Mwingine akasema, "Apigwe MRI, tusikisie." Chumba cha mashine ile kilikuwa na baridi ya kuumiza meno. Walitutaka tuvue kila kitu cha chuma. Wakamuuliza Masanja kama amewahi kupasua mawe, akasema amepasua miaka mingi kabla ya kuingia kwenye uchenjuaji, kwa hiyo wakampiga kwanza eksirei ya macho, wasije wakamwingiza na chembe ya chuma jichoni ikavutwa na ile sumaku. Walipomwingiza mashine ilianza kugonga kwa kelele ambazo mimi nje nilitamani kukimbia. Mtaalamu wa picha alikuwa anaongea naye kwa kipaza sauti, "Mzee, upo sawa? Usitikisike." Kimya. Akauliza tena, kimya, akaanza kuwa na wasiwasi. Kumbe kaka amesinzia. Alipotolewa akasema, "Nimelala. Nilidhani niko kwenye karasha." Tulicheka sana siku ile, wote watatu, na sikumbuki kama tuliwahi kucheka tena pamoja.

Daktari aliyetuita alikuwa mama mfupi mwenye miwani, mpole, aliyezungumza na mgonjwa badala ya kuzungumza juu yake. Alitugeuzia kioo cha kompyuta. Ubongo wa kaka yangu ulikuwa wa kijivu, umekatwa vipande, na ndani yake kulikuwa na mifuko midogo ya mviringo, myeusi, na katikati ya kila mfuko nukta moja nyeupe. "Zebaki haichori hivi," alisema. "Wala TB haichori hivi. Kile kipimo cha kwanza hakikuweza kuniambia, hiki kimeniambia. Nukta hii ni kichwa cha mnyoo. Huu ni mnyoo mchanga, umejenga nyumba yake humu, na ubongo ukikasirika ndipo mkono unatetemeka." Masanja akatazama mifuko ile, akasema, "Kumbe nina maduara kichwani, Dokta, kama yale mashimo ya mgodini." Daktari akacheka, akamwambia zipo dawa za kuua mnyoo, za kutuliza uvimbe na za kuzuia kifafa, na kwamba wengi wanapona. Atupele alishika pua yake kwa kanga akalia kwa furaha. Kisha akauliza mwenyewe, bila kuulizwa, "Mnyoo wa nini?" Daktari akasema, wa nguruwe.

Nakumbuka alivyonyanyua mkono haraka, kama mtu anayezuia kikombe kisidondoke. "Nisikilizeni vizuri. Hakuyapata haya kwa kula nguruwe. Mtu akila nguruwe asiyeiva anapata mnyoo mkubwa wa tumboni, na anaweza kukaa nao miaka hajui. Mayai yanatoka kwenye choo chake. Asipoosha mikono vizuri, akamwandalia mwingine chakula, yule mwingine anameza mayai, na mayai yanapanda mpaka ubongoni. Hata mtu ambaye hajawahi kuonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuumwa hivi. Kwa hiyo huko nyumbani kuna mtu ana mnyoo, hana hatia na hana habari. Nataka kila anayemwandalia chakula apimwe choo." Alirudia mara ya pili na kunitaka mimi nirudie, nikarudia neno kwa neno. Atupele akasema, "Nianze mimi. Nipimeni hapahapa." Wakampima kabla hatujaondoka na hakuwa na kitu.

Tulipofika nyumbani baraza lilikuwa limejaa. Bosi alishapigiwa simu na dereva wake, na alishatuma salamu kwa baba mdogo kwamba pole sana, kumbe ni nyama tu mnazokula wenyewe. Fikiria fedheha hiyo. Baba mdogo alikuwa ametangaza kila kilabu cha pombe kwamba mgodi umemuua kijana wake, na sasa watu wanamcheka. Alihitaji mkosaji mwingine kabla chakula cha jioni hakijaiva, na mkosaji alikuwa amekaa pale chini, miguu imevimba kwa safari, harufu ya kitimoto kwenye nguo zake zote. Nilisimama nikaeleza kwa Kisukuma kila alichosema daktari, kuhusu mikono na mayai, kuhusu asiyekula nguruwe, kwamba Atupele amepimwa hana mnyoo. Walinisikiliza mpaka nilipotaja nguruwe. Baada ya hapo nilikuwa naongea na ukuta. "Mnyoo wa nguruwe," alisema baba mdogo, "na nani analeta nguruwe kwenye boma hili? Mimi?" Nikasema, "Baba mdogo, daktari amesema..." Akanikata, "Wewe amekulisha sana, ndiyo maana unamtetea." Mayu akaanza kulia kwa sauti, akisema mwanawe ameliwa kichwa na mke. Masanja alikaa kwenye stuli, pakiti za dawa mapajani. Alikuwa ameyasikia maneno ya daktari kwa masikio yake. Mkewe alimtazama yeye, siyo sisi, akasema kwa Kiswahili taratibu, "Baba Neema, waambie. Mimi nachemsha kwanza." Kaka yangu alifungua pakiti moja, akasoma maandishi ambayo hakuwa anayaelewa, akaifunga.

Asubuhi yake vijana wa baba mdogo walibomoa banda na kulipindua karai, mafuta yote yakaingia mchangani. Atupele aliondoka na begi moja. Neema alibaki, kwa sababu ng'ombe wa mahari walishatolewa na mtoto ni wa ukoo. Alikuwa mdogo bado, alimfuata mama yake mpaka njia panda, Mayu akamvuta mkono akamrudisha. Mimi nilimsindikiza wifi mpaka stendi. Hakunilaumu na hakulia. Aliniuliza tu kama nimeelewa ratiba ya dawa za Masanja, maana ile ya kutuliza uvimbe haitakiwi kukatishwa ghafla, na akanifanya niitaje yote mpaka akaridhika. Ndivyo alivyoondoka, akimtibu mtu aliyekuwa amemfukuza kwa kunyamaza.

Masanja aliporudi kliniki yule daktari aliuliza majibu ya choo ya watu wa nyumbani. Hatukuwa nayo. Alikasirika kwa mara ya kwanza, akasema kutibu hivi ni kujaza ndoo inayovuja. Basi tulipimwa kwenye kituo cha afya, mmoja mmoja, kwa aibu na matani mengi, na Mayu wa mwisho kabisa kwa sababu alisema mwili wake haujawahi kula nguruwe. Mnyoo ulikuwa kwake. Nesi alitueleza kwa sauti ya chini, mimi, Masanja, baba mdogo na Mayu mwenyewe tu, kwenye chumba kilichonuka spiriti. Mayu akakubali kwamba siku za mnada huwa anaonja mshikaki na shoga zake, na nani anauliza mshikaki ni wa nini. Alipewa vidonge akameza, mnyoo ukatoka, na maziwa ya kibuyu yakaendelea kama kawaida. Sikumchukia kwa kuwa na mnyoo. Daktari alisema mwenye mnyoo hana hatia, na mimi nilikubali. Nilimchukia kwa yaliyofuata. Njiani kurudi nilisema, "Basi twende tukamrudishe Mama Neema." Baba mdogo alinitazama kama niliyevua nguo. "Habari za choo cha mama yako unataka tuzitangaze barazani?" Atupele alihukumiwa barazani, mbele ya majirani na watoto na mbuzi. Kusafishwa kwake kukaishia kwenye chumba cha nesi.

Nilimfuata kaka peke yake, nyuma ya nyumba, pale lilipokuwa banda. Hakuwa anatetemeka tena. Nikamwambia, "Kaka, huhitaji kumtaja Mayu. Sema tu kwamba mkeo hakukosea. Neno moja." Alichora chini kwa kidole cha mguu. "Nikisema siyo yeye, wataniuliza ni nani." Nikamwambia, "Na waulize." Akasema, "Nyanzobe, mke anapatikana. Mama utampata wapi?" Na kweli mke alipatikana. Alioa tena kabla mvua hazijarudi, mwanamke wa hukohuko, na harusi ilipikiwa ng'ombe. Mimi barua ya ajira ilikuja, nikapangiwa shule huku Shinyanga, na jambo la kwanza nilipopata likizo fupi nilimtafuta Atupele. Nilimkuta Ndala, anauza wali na maharage kwa mafundi. Nilimweleza majibu yote, nikidhani nimembebea zawadi. Alisikiliza huku anachambua mchele. "Masanja amesema mwenyewe?" aliniuliza. Nikasema hapana. "Basi wifi, hujaniletea kitu. Mimi nilijua tangu zamani kwamba nachemsha." Akaniwekea chakula.

Nilifundisha mtaa wa pili kutoka kwake miaka yote hiyo. Kila mwaka nilimpigia Masanja simu nikamkumbusha lile neno moja, na kila mwaka alisema atakuja aongee. Amekuja kweli, na suti.

Baada ya maziko nilimkuta Neema chumbani kwa mama yake, anapanga vyombo kwenye beseni. Chumba kilikuwa kidogo na kisafi, masufuria yamesuguliwa mpaka yanaonyesha sura. "Shangazi," alisema bila kunitazama, "baba amesema ugonjwa. Bibi huwa anasema mama alimlisha baba minyoo. Ndiyo huo?" Nilifunga mlango nikamweleza kila kitu, picha ile na nukta zake, maneno ya daktari, baraza, kituo cha afya, na mnyoo ulikuwa wa nani. Sikumficha hata moja, na kama ukoo wangu utanitenga kwa hilo utakuwa umechelewa. Neema aliniacha nikamaliza. Alikuwa ameshika sufuria moja kwa mikono miwili.

"Kila likizo nilipokuja hapa, mama alikuwa ananipikia," alisema. "Bibi alikuwa ananifungia michembe, vile viazi vikavu, na karanga, ananiambia nisiweke mdomoni kitu cha mkono wa mama. Basi nilikuwa nakaa pale mlangoni nakula michembe yangu. Yeye anapakua, anaweka mezani, anasubiri. Halafu anafunika. Hakuwahi kuniuliza kwa nini."

Nje nilimsikia Mayu akiita watu waje wale. Neema aliweka sufuria chini, akafuta mikono kwenye sketi yake ya shule.

"Shangazi, wewe ulikula chakula chake. Kilikuwa kitamu?"

Nikamwambia kilikuwa kitamu.